Shangazi, binti yangu anajitapisha

"Shangazi, binti yangu ana miaka 16. Tangu tuanze maandalizi ya harusi ya kaka yake, mchana hagusi chakula, usiku anafakamia kila anachokikuta jikoni, kisha anajifungia bafuni na kufungulia maji. Nimemsikia akitapika. Dada zangu wanasema ana mimba au karogwa. Mdogo wangu naye, usichanani, alijinyima chakula hadi akalazwa. Nyumbani tunamwita Kibonge, kwa mapenzi tu. Nimekosea wapi?" Mama Binti, Tanga.

Pole, mdogo wangu. Mimba hupimwa dakika chache. Kapimeni hilo liishe. Ila hayo maji ya bomba yananipeleka kwingine. Huenda huu ni ugonjwa wa ulaji, nao unatibika.

Unatafuta kosa lako moja, hulipati. Kuna damu: magonjwa haya huandama familia, na umenitajia mdogo wako mwenyewe. Sura ndiyo hutofautiana. Anayejinyima hadi akabaki mifupa mara nyingi ni mtoto asiyevumilia hata ufutio kwenye daftari lake. Anayefakamia na kujitapisha, mara nyingi alitaniwa unene, akaanza kushinda na njaa, usiku mwili ukadai chake. Huo si ulafi. Na wengine wamebeba jambo zito zaidi, kama kuchezewa miili yao. Muulize mkiwa wawili, bila kumbana.

Picha za wembamba nazo zina nguvu. Kule Nadroga, visiwani Fiji katika Pasifiki, mwili ulionawiri ulisifiwa kama kwetu pwani. Televisheni ilipoingia mwaka 1995, wasichana waliohojiwa hakuna aliyejitapisha ili apungue. Mwaka 1998, walikuwa 11 katika kila 100.

Sasa hilo jina. Kibonge, Tipwatipwa, nayajua, na mimi nimeyatumia kwa watoto wa watu. Mtoto hucheka nanyi, kisha huenda kwenye kioo peke yake. Likome leo, na shangazi zake waambiwe. Fundi wa sare naye ampime chumbani, asitangaze inchi za kiuno mbele ya ukoo.

Wiki hii mpeleke hospitali ya mkoa, uulizie kitengo cha afya ya akili. Daktari apime na damu, maana kutapika kunamaliza madini ya potasiamu mwilini na moyo huweza kwenda mrama. Akizimia, msingoje miadi.

Mlango wa bafuni usiuvunje. Leo mkimaliza kula, kaa naye barazani nusu saa, mzungumze lolote isipokuwa mwili wake.