Kupima faida ya lugha mahususi za kuundia modeli
Umeuliza kama kuhesabu mistari ya msimbo (maagizo ya programu ya kompyuta) kunatosha kupima faida ya lugha ya modeli iliyobuniwa kwa ajili ya fani moja, yaani lugha ya kueleza mfumo kwa dhana za fani hiyo badala ya kuuandikia msimbo moja kwa moja. Hakutoshi hata kidogo, kwa kuwa mistari mingi huandikwa na programu ya kuzalisha msimbo kutoka kwenye modeli, si na mtu. Chagua badiliko moja, kwa mfano kuongeza hali ya “malipo yamesitishwa” kwenye modeli ya mashine ya tiketi, kisha uwape watu wenye uzoefu unaolingana walifanye kwa njia zote mbili, yaani kwa lugha hiyo na kwa kuandika msimbo kwa mkono, ukirekodi saa walizotumia na makosa yaliyojitokeza kwenye majaribio. Saa za kuibuni na kuitunza lugha yenyewe, ambazo wengi huzisahau, lazima ziingie katika hesabu, zikigawanywa kwa idadi ya bidhaa zinazoitumia.