Faini ya Bima ya Afya California na Massachusetts: Jifunze Kuhesabu Miezi

Swali linalorudi kila msimu wa kodi kutoka kwa ndugu zetu wa California ni hili: si faini ya kukosa bima ya afya ilifutwa? Iliyofutwa ni ya serikali kuu ya Marekani, ambayo tangu 2019 ni dola sifuri. Baadhi ya majimbo yana sheria zake. Massachusetts ilipitisha yake 2006, kabla ya Obamacare, sheria ya bima ya afya ya Marekani nzima. New Jersey na Washington D.C. zilianza 2019, California na Rhode Island 2020. Vermont inakutaka uwe na bima lakini ukikosa haikutozi kitu, sheria isiyo na meno.

California hupiga hesabu mbili, kisha hukutoza iliyo kubwa. Ya kwanza, kwa mwaka wa kodi 2024, ni dola 900 kwa mtu mzima na 450 kwa mtoto, isizidi 2,700 kwa kaya. Ya pili ni asilimia 2.5 ya kipato cha kaya kinachozidi kiwango cha kulazimika kuwasilisha ritani ya kodi. Mtu asiye na familia aliyezidi kiwango hicho kwa dola 60,000 anahesabiwa 1,500 kwa mwaka. Akikosa bima miezi mitano, hiyo ni 625. Wenye mishahara mizuri ndio hudhani 900 ni kikomo, na ndio wanaolia zaidi.

Na faini ni ya kaya nzima. Kijana wako wa miaka 22 unayemwandika kama tegemezi akiwa hana bima, wewe ndiye unayelipa.

Wengi hunaswa wakibadilisha kazi. California, siku moja ya bima ndani ya mwezi inatosha kuuhesabu mwezi wote, na pengo la miezi mitatu mfululizo au pungufu linasamehewa. Tuseme bima ya kazi ya zamani imeisha Machi 31. Mpya ikianza Julai 31, umekosa Aprili, Mei na Juni tu: hudaiwi. Ikianza Agosti 1, pengo limekuwa miezi minne, na yote minne inatozwa, si ule mmoja uliozidi. Siku moja hiyo! Mwajiri anaruhusiwa kukusubirisha hadi siku 90 kabla ya kukupa bima, kwa hiyo aliyeanza kazi mapema Mei anaangukia hapo hapo. Waulize ofisi ya wafanyakazi, kwa maandishi, bima ya zamani inaisha tarehe gani na mpya inaanza lini.

Ukiona pengo litavuka miezi mitatu, una siku 60 tangu kupoteza bima kujiandikisha Covered California, soko la bima la jimbo, bila kusubiri dirisha la kujiandikisha la kila mwaka. COBRA, yaani kuendelea na bima ya kazi ya zamani kwa kuilipia mwenyewe, nayo hukupa siku 60 za kuamua na hurudi nyuma hadi siku bima ilipokatika, ila utalipia miezi yote iliyopita, na bei yake ni ya kuumiza. Kipato kikiwa kidogo, Medi-Cal, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hupokea maombi mwaka mzima. Bima ya meno pekee, ya macho pekee au ya safari haihesabiki.

Kwenye Fomu 540, yaani ritani ya kodi ya California, mstari wa 92, kuna kisanduku cha waliokuwa na bima mwaka mzima. Kitie alama, ukikiacha wazi unaweza kuandikiwa deni wakati bima ulikuwa nayo. Msamaha wa pengo fupi huombwa kwa fomu FTB 3853 ya idara ya kodi ya California. Tunza fomu za uthibitisho wa bima, 1095-B au 1095-C, na FTB 3895 kama ulinunua Covered California.

Kwa walio Lowell na Worcester, miji ya Massachusetts, msiige hesabu ya California. Massachusetts mwezi unahesabika ukiwa na bima siku 15 au zaidi, na faini ni ya watu wazima tu, kila mmoja kivyake, hata wanandoa. Kipato kisichozidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu hakitozwi. Namba za kujaza Schedule HC, jedwali la bima katika ritani ya Massachusetts, zimo kwenye fomu 1099-HC kutoka kampuni ya bima. Ukiwa na shida ya kweli, kama kufukuzwa nyumba, chagua kukata rufaa ndani ya Schedule HC yenyewe. Vielelezo usiambatanishe, subiri barua ya kuviomba, kisha jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa humo, maana ukinyamaza rufaa hufutwa na bili inakuja.