Seva ya Windows kubaki nyeusi baada ya kuingia
Mkuu, usiifomati seva kwa sababu tu skrini imebaki nyeusi baada ya kuingia. Kama nywila imekubaliwa na mshale wa mausi unaonekana kwenye weusi, mara nyingi Windows imewaka vizuri, ila explorer.exe, ile inayoleta desktopu, haijaanza. Bonyeza Ctrl+Alt+Delete, fungua Task Manager, anzisha kazi mpya, andika explorer.exe. Ukiwa unaingia kwa mbali kupitia Remote Desktop tumia Ctrl+Alt+End, maana ile ya kwanza itaishia kwenye kompyuta iliyo mbele yako.

Ikijirudia kila ukiingia, angalia rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows: HKLM (HKEY_LOCAL_MACHINE)\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon, thamani ya Shell iwe explorer.exe tu. Hapa Dodoma niliwahi kuikuta imebadilishwa kwenye ofisi moja pale Area D. Kirusi kilikuwa kimeweka faili lake hapo, na watu walishaanza kulaumu kukatika kwa umeme. Ukikuta jina usilolijua, safisha virusi kwanza ndipo urekebishe, na tafadhali chukua nakala ya data kabla ya kugusa rejista, hizo ni kumbukumbu za watu.

Ila kama ni Server Core, toleo dogo la Windows Server, na unaona kidirisha cha kuandikia amri tu, hakuna kilichoharibika. Toleo hilo halina desktopu.