Kutunza mazingira kunalipa kweli? Jibu kwa mhasibu wa kiwanda cha juisi

SWALI: Mimi ni mhasibu kwenye kiwanda kidogo cha juisi, Barabara ya Nyerere hapa Dar. Kuna mnunuzi wa nje ameuliza kama tuna cheti cha ISO 14001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira. Mkurugenzi anasema mambo ya mazingira ni gharama tu, kwa nchi zetu hizi hayalipi. Nimesoma tafiti, zingine zinasema yanalipa zingine hayalipi. Kwa kiwanda chetu nitajuaje, na nipime nini?

JIBU: Dada, shukrani kwa swali. Hizo tafiti zinagongana kwa sababu nyingi zinachukua kampuni zenye cheti na zisizo nacho halafu zinalinganisha faida, sasa kampuni yenye hela ndo inayoweza kumlipa mshauri na mkaguzi, kwa hiyo ukiikuta ina faida kubwa huwezi kusema cheti ndo kimeileta, inawezekana kabisa faida ndo imeleta cheti. Halafu ISO 14001 yenyewe tangu itoke 1996 haikuwekei kiwango cha uchafuzi, inachotaka ni utaratibu, yaani ujue unachoharibu, ujiwekee malengo, ufuatilie na urekebishe. Mwingine anafanya hivyo kweli, mwingine anatundika cheti mapokezi na kule nyuma mpira wa maji unamwaga toka asubuhi.

Mimi nakagua viwanda na msimamo wangu ni huu: kwa viwanda vya saizi yenu hela ya mazingira iko kwenye vitu mlivyonunua vikaishia mtaroni. Anzia hapo kabla hujafika kwenye cheti.

Nenda pale mnapobadilisha ladha, mnatoka embe mnaingia pasheni, simama karibu na bomba wanaposuuza. Mwanzoni kinachotoka bado ni juisi, nzito, rangi ileile, ukiigusa inanata, na inakwenda chemba. Hiyo mliinunua kama sukari na rojo ya embe, mkaipasha moto kwa boila, mkamlipa mtu wa shifti, sasa kwenye vitabu vyako imeandikwa wapi? Mara nyingi haipo popote, kilichopo ni risiti ya gari la majitaka, na hiyo ndo inaitwa gharama ya taka. Sio kweli, gharama ya taka ni pamoja na kila kilichomo ndani yake. Kuna kiwango kizima cha hesabu za namna hii, ISO 14051 cha mwaka 2011, ila kuanza hukihitaji. Chukua sukari iliyotoka stoo mwezi huu, jumlisha iliyokuja na rojo ya tunda, toa iliyomo kwenye juisi mliyojaza kwenye chupa (mtu wa maabara yenu ana vipimo vya briksi, yaani kiwango cha sukari kwenye juisi, vya kila bechi), kinachobaki kizidishe kwa bei mliyonunulia sukari. Mpelekee mkurugenzi namba hiyo peke yake kwanza.

Na hapo ndo mazingira na biashara vinakutana. Kilo 1 ya sukari ikiingia kwenye majitaka inaleta COD ya kama kilo 1.12, yaani oksijeni itakayohitajika kuivunjavunja. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yanayoachiwa yasizidi miligramu 60 za COD kwa lita. Piga hesabu, ni karibu lita 18,700 za maji safi kuzimua kilo moja tu mpaka ifike hapo, na kuzimua kwenyewe sio kutibu. Upande huo wa mji maji mengi yanaangukia Bonde la Msimbazi, na kule watu wanalima mchicha tunaokula wote, naomba hilo mkurugenzi alisikie pia.

Kuna wazo la Michael Porter, profesa wa biashara wa Harvard, la 1991 kwamba sheria kali za mazingira zikipangwa vizuri zinasukuma kampuni kubuni na mwishoni zinajilipa. Nakubaliana nalo nusu. Kukinga juisi ya mwanzo kwenye ndoo safi na kuirudisha kwenye bechi ya ladha hiyohiyo inayofuata (mtu wa kwoliti akiridhika) kunajilipa haraka sana. Mtambo wa kutibu majitaka haujilipi, ni gharama, muuzaji asikudanganye, ila mkipunguza sukari mtaroni kwanza mtajenga mdogo. Wengi wanafanya kinyume, wananunua mtambo mkubwa wa kutibu juisi yao wenyewe.

Kuhusu kupima, usitumie faida ya mwaka, bei ya sukari na dola zitaficha kila kitu. Tumia uwiano: lita za maji, uniti za umeme na kilo za sukari iliyopotea kwa kila lita 1,000 za juisi, mwezi kwa mwezi, na ulinganishe msimu wa embe huu na msimu wa embe uliopita maana miezi haifanani. Kama mita ya maji ni moja tu pale getini, funga nyingine sehemu ya kusuuza. Kwa mpira wa maji chukua ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabia sekunde, ikijaa kwa sekunde 40 huo mpira unatoa lita 1,800 kwa saa, ukifungwa koki ya kubana mwishoni mwa mpira tofauti utaiona kwenye bili.

Angalia na bili ya TANESCO. Kama mko kwenye tarifu ya viwanda mnalipia na KVA, yaani mzigo wa juu kabisa mliovuta mwezi huo, sio uniti peke yake. Pawa fakta ni sehemu ya huo mzigo inayofanya kazi kweli: mzigo wa kilowati 150 kwenye pawa fakta ya 0.75 unasomeka KVA 200, ikipanda mpaka 0.95 unasoma kama 158. Fundi umeme mzuri anafunga kapasita tu, kifaa cha kuipandisha hiyo pawa fakta.

Sasa cheti. Mwombe mnunuzi aandike kama ni sharti la mkataba au anauliza tu. Kama ni sharti, weka gharama ya cheti na ya ukaguzi wa kila mwaka upande mmoja, faida ya mkataba huo upande wa pili, uamue. Kama anauliza tu, mtumie uwiano wako wa miezi 6 na matokeo ya maabara ya majitaka, wapo wanunuzi wanaoridhika na hivyo. Ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawahusu, cheti mnacho au hamna, kwa hiyo ukaguzi na vibali vyake usivihesabu kama gharama ya ISO.