Sola ya kuelea: pima bwawa kabla ya kuhesabu paneli

Mkulima akitaka sola ya kuelea, yaani paneli za umeme wa jua zilizofungwa juu ya maboya, kwenye bwawa lake, huniuliza paneli ngapi zitatosha. Mimi humuuliza: mwezi wa Februari maji yako huishia wapi?

Swali hilo nililigharamia. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye bwawa la kumwagilia maua, upande wa Naivasha. Tulilipima Mei, limejaa pomoni, mita sita katikati. Tukafunga kamba za nanga zikakaza, tukapiga picha, tukaondoka. Kiangazi kilipofika maji yalikuwa yameshuka mita nne. Kamba zikalegea, na upepo wa alasiri wa huko haukosi. Ulisukuma safu nzima hadi ukingoni. Nilikuta maboya ya pembeni yamekalia tope, yamebinuka, paneli mbili zimepasuka na kiungio cha kebo kimezama kwenye maji ya kijani. Mzee wa pampu akanionyesha kisiki kilichochomoza chini ya boya. "Hiki hutokeza kila mwaka, fundi. Mngeniuliza."

Sasa naanza na mtumbwi, jiwe na kamba yenye fundo kila mita, kisha nakaa na mtu wa pampu tunywe chai. Kamba za nanga naziwekea kipande kinachonyumbuka kama mpira, zifuate maji yakipanda na kushuka. Kebo ya kwenda nchi kavu naiachia urefu wa ziada, na viungio vyote nafunga juu ya boya.

Upepo usiuchezee. Mwaka 2019 kimbunga kiling'oa mtambo wa kuelea wa megawati 13.7 kwenye bwawa la Yamakura, Japani. Paneli zikarundikana, zikashika moto.

Ni kweli maji hupoza paneli, na paneli ikipata joto hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25. Lakini faida hiyo huliwa upesi na minandi, wale ndege wa majini wanaotua juu ya paneli, maana kinyesi chao hakitoki kwa mvua. Panga mapema nani atasafisha, na atapita wapi. Na kama una ardhi tupu kando ya bwawa, weka sola hapo. Ni nafuu zaidi, nami nitakosa kazi, lakini ndio ukweli.

Kile kisiki tulikipaka rangi nyeupe. Kikianza kuonekana, mzee hunipigia simu, nakwenda kukagua kamba.