Tuzo za mtaa: kabla hujamwita mtu mbele umpe ngao, soma hapa kwanza

Mwaka wetu wa kwanza tuzo ya mfanyabiashara bora wa mtaa tulimpa mtu ambaye wiki tatu mbele alikuja na vijana wawili na kirikuu akabeba friji ya mama ntilie, mchana kweupe, watu wanaangalia, na ukipita pale ofisini kwake unaiona ngao yetu dirishani inang'aa. Ngao yenyewe niliifuata mimi Kariakoo nikarudi nayo kwenye daladala nimeipakata kama mtoto mchanga, sasa fikiria nilivyojisikia.

Nilikuwa katibu wa kamati, huku Mbagala, na ukatibu nimekaa nao miaka mitatu. Siku hizi kila nikikutana na mtu wa mtaa mwingine ananiambia na sisi tunataka tuanzishe tuzo zetu, za watu wema, biashara, vikundi vinavyosaidia, tunaanzaje? Nimechoka kurudia sauti za dakika tano WhatsApp, nimeona bora niandike yote hapa.

Kwanza achaneni na kura. Najua kura ni tamu, watu wanachangamka, status zinajaa, lakini sisi ndo zilituua. Tulifungua grupu, tukasema kila mtu ataje jina halafu tupige kura, na kwenye grupu tulikuwa watu mia mbili na kidogo, nusu yao vijana na wengine walishahama mtaa zamani wako zao Kigamboni huko na Chanika, wakati wanaomjua nani ni nani hapa mtaani wengi simu zao ni za kitochi. Huyu bwana akagawa vocha kwa vijana wa kijiweni, kura zikamiminika. Juu yake akajitolea maturubai mawili na viti 150, sasa hapo nani wa kusema hapana? Sifa iliyoandikwa mbele ya jina lake ilikuwa "anawawezesha akina mama mitaji" na mimi nikaichapa hivyohivyo kwenye cheti, sikumuuliza hata mama mmoja.

Kumbe ni mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza. Unachukua laki mbili, rejesho kila siku, ukichelewa siku tatu riba inapanda, ukichelewa wiki wanakuja kubeba vyombo. Akina mama wote waliokuwa wanamkwepa walikuwa wanapita njia ya nyuma ya msikiti, na mimi nilikuwa nawaona wanapita huko kila siku nadhani wanafupisha njia! Tungeuliza swali moja tu, leseni ya kukopesha iko wapi, kila kitu kingejulikana, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu hakopeshi watu kibiashara bila leseni, na kampuni za namna hii leseni yao inatoka Benki Kuu. Ngao hakuirudisha. Tulimwandikia barua, akaisoma, akacheka.

Mwaka wa pili tukabadilisha kabisa. Badala ya kuuliza nani bora, tukawa tunazunguka na daftari tunauliza maswali ya maisha. Mkeo kashikwa uchungu saa nane usiku, unamgongea nani? Mwanao kapotea, nani anaanza kumtafuta kabla hata hujamaliza kulia? Mvua za masika zikijaza mtaro, nani anatoka na jembe? Ukifiwa, nani anafika wa kwanza? Tulipita kijiwe cha boda, saluni, bombani, kwa mama ntilie, kwa wazee wa bao, msikitini baada ya Ijumaa, kanisani baada ya ibada ya Jumapili, na mjumbe wa nyumba kumi wa zamani ambaye cheo hana tena ila habari zote anazo. Siku tisa. Majina yakaanza kujirudia yenyewe, na nakwambia ukweli hakuna hata moja lililokuwa kwenye zile kura za mwaka wa kwanza.

Lililojirudia kuliko yote ni la bibi mmoja anayeosha maiti. Zaidi ya miaka thelathini akifa mwanamke mtaani, tajiri au fukara, hata yule aliyefariki kwa ugonjwa ambao ndugu wenyewe wanaogopa kusogea, anaitwa yeye na anakuja, halipwi kitu. Tukaenda kumpa habari tukiwa tumejaa furaha, kamati nzima, tumevaa vizuri. Akatukaribisha chai, akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema "Wanangu, hii kazi mimi nimemkopesha Mungu, sasa nyie mnataka kunilipa nini?" Tukabaki tunaangalia vikombe. Mwenyekiti wa kamati akataka kubembeleza, mimi nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Na huu ndo ushauri wangu mkubwa kama utabaki na kimoja: muulize mtu kabla hujamtangaza, na akisema hapana iwe hapana. Kuna wanaokataa kwa sababu ya dini, kuna anayeogopa husuda, kuna anayejua akishapanda jukwaani kesho asubuhi mlangoni kutakuwa na foleni ya waombaji. Tulirudi kwa yule bibi baada ya wiki tukamuuliza tofauti, bibi, kazi yako inakwamaga wapi? Hapo akaongea! Bafta imepanda bei, glavu anatumia zilezile mpaka zinatoboka, kafuri saa nyingine hakuna. Basi hela ya ngao yake tukanunua jora la bafta, maboksi ya glavu, kafuri na pamba, vikakaa msikitini kwa matumizi ya mtaa wote. Jina lake hatukulitaja siku ya sherehe wala hapa silitaji. Alipokea kwa mikono miwili, tena akakagua bafta kama ni nzito.

Kwenye vikundi na vituo vya kusaidia watu hapo usione aibu kukagua. Mtu akikwambia ana kituo cha yatima unamuonea huruma kumuuliza makaratasi, unaona kama unamkosea Mungu, lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na ofisa ustawi wa jamii ni wa kumfuata umuulize tu. Sisi tulienda kwenye kituo kimoja, sikitaji, siku ambayo hawakututegemea. Watoto walioandikwa kwenye bango ni arobaini, tuliowakuta ni sita, na watatu kati ya hao wakasema kwao ni nyumba ya pili na mama yupo anafua. Tukaaga kistaarabu. Lakini pia tulikuta kikundi cha akina mama kumi, hawana bango wala ukurasa Instagram, wanachangishana wanamlipia mwenzao nauli ya kliniki, daftari lao limenyooka kuliko la ofisi nyingi nilizopita. Hao ndo tuliwapa.

Na ukiwapa kikundi cheti kisiwe cha kutundika tu, waelekeze waende na hatua inayofuata. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, na haina riba, lakini kikundi lazima kiwe kimesajiliwa. Sisi tulimwalika ofisa maendeleo ya jamii wa kata, tukamkalisha makusudi karibu na meza ya kikundi, wamemaliza pilau tayari wana namba yake.

Biashara nazo usiangalie duka kubwa. Uliza wafanyakazi wake wanalipwa lini, uliza mzani wake. Jamaa wetu wa duka la rejareja alishinda mwaka wa pili kwa sababu tano tofauti tulizoambiwa na watu watano wasiofahamiana, na zote zilikuwa zinahusu mzani na daftari la madeni.

Wadhamini mtawahitaji, sikatai, maturubai hayaji kwa dua. Kanuni yetu baada ya lile fundisho la friji ni kwamba aliyechangia hata soda kreti moja hawezi kuwania, na hatangazwi na MC zaidi ya mara moja. Wengine walinuna wakaondoka, sawa tu, tukapunguza viti. Wanasiasa ndo mtihani hasa. Mwaka ule wa 2024 wenye uchaguzi wa serikali za mitaa, Novemba 27, kuanzia Agosti tu simu zikaanza, kila anayetaka uenyekiti ana wazo zuri kuhusu tuzo zetu, mmoja anataka atoe zawadi zote "kimyakimya" ila awe na kapelo zenye picha yake, mwingine anataka mama yake mzazi awe mama bora. Tukaahirisha mpaka uchaguzi uishe. Tulilaumiwa sana, tukaitwa waoga, na mimi nakwambia ningefanya hivyohivyo tena, mwaka wa uchaguzi kaeni pembeni.

Halafu zawadi. Jamani ngao! Kuna kijana wa boda ambaye anabeba wajawazito usiku kwenda hospitali na hela anakwambia utanipa ukipata, tulimpa ngao ya kioo nzuri kweli, akaipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza taratibu sikioni "katibu hii inauzika wapi?" Watu wa mbele wakasikia, ikawa kicheko mpaka leo, ila mwenzenu usiku ule kichwa kilifanya kazi. Yule kijana alikuwa anadaiwa bima ya pikipiki, helmeti ya abiria haina hata mkanda. Sasa hivi tunatuma mtu kwa mke au mama wa mshindi aulize kiujanja kinachohitajika nyumbani: bima, mtungi wa gesi, ada ya mtoto, kushonesha sare. Cheti kinabaki, kinachapwa stesheneri kinapigwa laminesheni, elfu chache tu. Ila hakikisha jina limeandikwa sawasawa, mwaka wa kwanza tulikosea jina la mzee wa watu tukamwita la kaka yake ambaye hawaongei.

Siku yenyewe sina mengi. Anza saa kumi alasiri umalize kabla ya magharibi, meza kuu iwe fupi, mgeni rasmi apewe dakika tano na mtu wa kumvuta shati. Badala ya MC kusoma wasifu, mpe jirani wa mshindi maiki asimulie alichofanyiwa, kwa maneno yake. Hapo ndo watu wanalia, hotuba haijawahi kumliza mtu.

Kingine nisisahau, mkishajulikana mtaanza kupata meseji za wale watu wa tuzo za mahotelini. "Hongera, umeteuliwa kuwania tuzo ya kiongozi bora wa jamii, thibitisha kwa kulipia meza laki tano." Mwenzetu mmoja kwenye kamati alilipa, akaenda na suti ya kuazima, akakuta ukumbi mzima ni washindi, hakuna aliyeshindwa hata mmoja. Tuzo unayotakiwa uinunulie meza hiyo ni risiti.

Na kuna jambo ambalo hakuna mtu alituonya. Mzee wetu wa mtaro, yule anayezibua kila mvua ikinyesha bila kutumwa, tulimpa tuzo kwa shangwe kubwa, watu wamesimama wanapiga makofi. Mwezi haujaisha mtaro ukawa na taka kuliko zamani, pampasi, maganda ya miwa, magunia, na ukimuuliza mtu anakujibu bila aibu "si yupo mshindi". Wakaanza kumfuata nyumbani wakamgongea, mzee njoo huku kwetu pameziba. Tulidhani tunamshukuru kumbe tumemuajiri bila mshahara. Nilikosa usingizi kwa hilo kuliko hata ile friji.

Tulichofanya ni kuishikilia ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, ambayo kila mtaa inajulikana ipo na kila mtu siku hiyo ana msiba mkoani. Sasa kila tukitoa tuzo kwa mtu anayefanya kazi ya kijamii, palepale ukumbini tunapitisha karatasi ya watu watakaoshika zamu naye miezi sita, anayepiga makofi sana ndo tunamfuata wa kwanza. Wengi wanaandika namba za uongo, ndiyo. Jumamosi iliyopita tulifika wanne: mimi, mtendaji wa mtaa na vijana wawili wa kijiweni. Mzee alikuwa kakaa juu ya ndoo kaipindua, kahawa mkononi, anatuelekeza, na kila nikiinua mgongo nipumzike ananiambia "katibu, hapo hujatoa mchanga, umechezea maji tu."