Hati ya nyumba iko kwa nani? Majibu ya barua zenu kuhusu makazi ya transjenda

Nilipoandika kuhusu House of Tulip, kikundi cha transjenda (watu ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa) wa New Orleans, Marekani, kilichoanza mwaka 2020 kuwatafutia wenzao makazi, barua zilikuja nyingi. Leo najibu tano.

Kwa nini watengewe nyumba zao? Si wapange kama watu wengine? (Msomaji, Tanga)

Wangepanga, kama wangepangishwa. Katika uchunguzi uliofanyika Marekani mwaka 2015, transjenda zaidi ya 27,000 walijibu, na asilimia 30 walisema wamewahi kukosa makazi. Kuna waliofukuzwa na wazazi wakiwa bado watoto. Kuna waliokubaliwa chumba kwa simu, wakafika wakaambiwa kimeshachukuliwa. Makao ya dharura nayo hugawa watu, wanaume huku na wanawake kule, na mwanamke transjenda akipelekwa kwa wanaume anaweza kuona heri alale barazani.

Haya si mambo ya juzi tu? (Msomaji, Minneapolis)

Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1970, jijini New York, Sylvia Rivera na Marsha P. Johnson walianzisha STAR, kikundi cha kuwahifadhi vijana wa mitaani wa aina yao. Makao ya kwanza yalikuwa tela la lori lililoachwa kwenye maegesho. Rivera alisimulia kwamba asubuhi moja walirudi na chakula wakakuta tela linaondoka, vijana wamelala ndani. Baadaye walipanga jengo bovu East 2nd Street, wakalitengeneza kwa mikono yao. Wao wakubwa walijiuza barabarani ili kodi ipatikane na wadogo wasilazimike kufanya hivyo. Nikifika hapo huwa nanyamaza kwanza. Mwaka 1971 walitolewa. Upendo ulikuwepo, kazi ilikuwepo, ila jengo halikuwa lao, na ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila mradi ni hati iko kwa nani.

Nataka kuchanga. Nitajuaje pesa hazitaliwa? (Mama wa watoto watatu, Columbus)

Mama, uko sahihi kuuliza. Casa Ruby ya Washington ilihifadhi transjenda kwa miaka mingi. Ilifungwa mwaka 2022, na mwaka 2024 mwanzilishi wake alikiri mahakamani kosa la ulaghai wa fedha za umma. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wakilala pale. Kwa hiyo uliza: nani anatia saini hundi, na je, ni zaidi ya mmoja? Hesabu zinakaguliwa na nani? Wakaaji wana viti kwenye bodi?

Kisha uliza kuhusu ardhi. House of Tulip inafuata mfumo wa ardhi ya pamoja, ambao wasomaji wa Taita Taveta wanaujua: katika mtaa wa Tanzania-Bondeni, pale Voi nchini Kenya, uliingia miaka ya 1990. Ardhi inabaki ya jumuiya, nyumba ni ya mwenyewe. Ukihama unauza kuta zako, lakini kiwanja hakiwezi kuuzwa kwa tajiri. Kwa watu ambao kila mtu anaweza kuwafukuza, naona huu ndio msaada unaodumu kuliko magodoro.

Sina pesa, mimi ni fundi umeme. (Msomaji, Memphis)

Uko mji wenyewe! My Sistah's House wanajenga hapo vinyumba vidogo vya transjenda. Wapigie, waulize wanahitaji nini. Usipige picha za wakaaji, wala usitaje anwani zao mtandaoni.

Nina ploti ya kupangisha Nairobi. Amekuja dada mmoja, lakini kitambulisho kina jina la kiume. Nifanye nini? (Mwenye nyumba, Kayole)

Mzee wangu, mpangishe. Mkataba uandike kwa jina la kitambulisho, ili siku ya mzozo umlinde yeye na wewe pia. Mdomoni mwite jina alilokupa. Dipoziti iwe ileile wanayolipa wengine, na risiti mpe kila mwezi. Msimamizi wa ploti hana haja ya kujua kilichoandikwa kwenye kitambulisho. Nakala ifungie kwenye droo yako. Majirani wakikuuliza, waambie ni mpangaji wa chumba namba fulani na kodi yake inaingia.